Beseni Moja, Sabuni Moja

Novemba 21

Mwanangu Zione amejifungua kabla ya wakati. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Asubuhi alikuwa uani anapeta mahindi, akasema mgongo unamvuta. Kabla jua halijapinda alikuwa ameshapasuliwa. Mapacha. Wa kiume kilo moja na gramu mia tatu, wa kike kilo moja na gramu sabini. Sokoni kwetu kuku wa uzito huo humnunui, unamwambia muuzaji arudi naye akamlishe kwanza.

Nimewaona kupitia kioo. Wamevishwa kofia za sufu, mipira puani, wanapumua kama watu waliokimbizwa. Sista Nyirongo, mkuu wa chumba cha watoto njiti, anasema watatoka wakifika kilo moja na gramu mia nane. Kwa hiyo tunadaiwa mia tano kwa huyu na mia saba thelathini kwa yule. Basi. Nilianza na sinia la mandazi kando ya barabara ya Limbe, leo nina mashine ya kusaga yenye injini mbili, na wilaya nzima inaniita Mai Chigayo, mama wa kinu. Gramu mia saba hazinishindi. Mashine nimemwachia fundi wangu Bizeki. Hapa nauguza mwenyewe.

Novemba 22

Banda la wauguzaji limejaa. Kila mgonjwa na ndugu yake, kila ndugu na sufuria yake, moshi mtupu. Nimepata nafasi karibu na nguzo.

Mkwe mwenzangu amefika, Mai Malita, mama yake Weluzani, mumewe Zione. Katoka bondeni kwa mto Shire na kuku mmoja aliyefungwa miguu na mfuko wa vitu vyeusi vyenye tope.

"Poleni, Mai Chigayo. Nilivyosikia tu, miguu ikatangulia."

"Karibu. Na hivyo ni nini?"

"Mizizi ya yungiyungi. Ukiipika vizuri ni tamu. Huku hamli?"

"Huku tunakula mahindi, mama."

"Hata sisi tunalima mahindi," akasema, akacheka peke yake. "Mwaka juzi yalivunwa na mafuriko, mwaka jana na kiboko. Mwaka huu tunangoja tusikie ni zamu ya nani."

Nikatazama kucha zake. Kisha nikamwonyesha pa kulala, mbali kidogo na vyombo vyangu.

Novemba 25

Jeraha la Zione linamsumbua, ana homa, hata kukaa hawezi. Anakamua maziwa akiwa amelala ubavu. Watoto wanatakiwa wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, maana vitanda vya joto ni vitatu na watoto ni kumi na wanne. Sista akasema, "Kama mama hawezi, kifua cha bibi nacho ni kifua. Nanyi mko wawili, Mungu awape nini tena?"

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo nilichagua kwanza. Nimemchukua wa kiume. Malita kapewa wa kike. Tumefungiwa watoto kwa vitenge, tumekaa kwenye benchi bega kwa bega kama wanawake wawili wenye mimba za uzeeni. Wanawake wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Dorofe, binti wa mashamba ya chai, akasema, "Mai Chigayo, ukijifungua huyo tuite!"

Nilicheka na mimi. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Mtoto ana joto dogo, kama chungwa lililoanikwa juani.

Novemba 27

Mvua, hatimaye. Yote kwa siku moja.

Novemba 30

Wangu 1,350. Wa Malita 1,085. Nimemwambia Malita anywe uji zaidi ili awe na joto. Akasema uji gani. Nikampa unga wangu.

Desemba 1

Mlima umemeguka, bomba la maji limezolewa. Mifereji ya hospitali nzima mikavu. Kuna kisima kimoja cha kupampu nyuma ya mochari, na foleni yake inazunguka jengo. Kuni zimelowa.

Sasa ona ujinga. Mama anakamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi anayavuta kwa bomba la sindano na kumpa mtoto kwa mpira wa puani. Kikombe na bomba vinarudi kuoshwa na sisi. Kwa hiyo wanawake kumi na wanne wanawasha mioto kumi na minne kwa kuni mbichi ili kila mmoja apate maji ya moto yasiyojaza kata, na hayachemki hata ya mmoja. Wanalia moshi, watoto wanalia njaa.

Nimewakusanya. Nikawaambia, moto mmoja mkubwa. Beseni moja kubwa, la kwangu. Sabuni moja, tunapokezana kuinunua. Vikombe vyote, mabomba yote, mikono yote kabla ya kuingia chumbani, hapo hapo. Tunachemsha asubuhi, mchana tunaongeza ya moto kidogo kidogo. Kuni zinapungua kwa robo tatu.

"Mai Chigayo kwa rais!" akapiga kelele Dorofe.

Sista Nyirongo akatoka kuangalia kelele ni za nini. "Hapana," akasema. "Kila mtu kikombe chake, maji yake, na yachemke. Nilishawaeleza."

"Sista, kuni umezileta wewe?"

"Sijazileta."

"Maji je?"

Akatazama mlangoni. Alikuwa na watoto kumi na wanne na msaidizi mmoja, na simu inaita ndani. Akasema, "Badilisheni basi hayo maji mara kwa mara," akaondoka. Mtu akishindwa hesabu huondoka.

Desemba 4

Banda limenyooka. Hakuna ugomvi wa kuni. Hata wauguzaji wa wodi ya wanaume wamekuja kuuliza tunafanyaje. Mwanamke mzee wa wodi ya wazazi kaniletea maembe mawili, eti asante.

Malita peke yake analeta maneno. "Kwetu kikombe cha mtoto mchanga hakichanganywi na cha mwenzake," anasema.

"Kwenu kiboko anavuna," nikamwambia. Wakacheka wote. Naye akacheka, akatumbukiza kikombe.

Desemba 5

Wangu 1,420.

Desemba 8

Mtoto wa Dorofe amefariki. Jana alikuwa mzima, ananyonya kidole. Asubuhi alikataa maziwa, tumbo likavimba, akawa wa moto, kisha wa baridi, rangi kama majivu. Wamemchoma sindano, na nyingine. Saa ya chakula cha mchana alikuwa amefungwa kitambaa.

Dorofe hakulia. Alikaa akikamua maziwa, maana matiti hayakuwa yamepata habari.

Desemba 9

Mkanda wa mashine umekatika. Bizeki anauliza anunue mpya au auunge. Aununue mpya.

Desemba 11

Wawili zaidi, ndani ya usiku na mchana mmoja. Njia ile ile: kukataa maziwa, tumbo, moto, baridi. Katika banda maneno yamekuwa mengi kuliko sufuria. Wengine wanasema kuna mtu anawatumia watoto kuita mvua. Wengine wanasema sindano zimekwisha muda. Mimi nimesema wazi, tena mbele ya Sista mwenyewe, kwamba wauguzi wanatoka kwa mtoto huyu kwenda kwa huyu bila kunawa. Nimewaona kwa macho yangu.

"Ninawe kwa maji gani, Mai?" akasema. Macho yake mekundu. "Mfereji unatoa upepo."

"Njoo unawe kwetu, basi. Sisi maji tunayo."

Akaja kweli. Akanawa kwenye beseni letu, na msaidizi wake pia. Nikajiona nimeshinda.

Desemba 13

Wangu amekataa maziwa.

Nilijua kabla hawajamgusa. Huyu nimembeba kifuani mwangu wiki hizi zote, namjua anavyopumua kama ninavyoijua injini yangu. Asubuhi alikuwa mzito kwa namna isiyo ya uzito. Nikamwita Sista. Wakamweka kitandani, wakamchoma sindano mbili za kila siku, zile wanazompa kila mtoto. Homa haikushuka. Daktari akaja, Dokta Somanje, kijana mwenye viatu vilivyojaa maji ya mvua, akasema tuongeze nyingine ya tatu, yenye nguvu. Nikauliza yenye nguvu kiasi gani. Akasema ndiyo yenye nguvu kuliko zote walizo nazo.

"Na kama isipofanya kazi?"

"Tusubiri kwanza, Mama."

Mimi sijawahi kusubiri kitu maishani mwangu. Injini ikikataa, nafungua.

Zione kaletwa kwenye kiti cha magurudumu amwone. Akaniuliza, "Mama, si ulisema wewe hakuna kinachokushinda?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza tu, kama mtoto.

Desemba 14

Amekufa alfajiri. Mvua inanyesha.

Desemba 15

Tumemzika. Kwetu mtoto ambaye hajapewa jina huzikwa na wanawake peke yao, pasipo kilio, pasipo jeneza. Weluzani alibaki barabarani na baiskeli, kayapa makaburi mgongo, mabega yanamtikisika. Sisi tulikwenda wanane. Nilichimba mwenyewe. Udongo wa mvua hauna ubishi, unachimbika upesi, na hilo liliniuma kuliko yote. Nilitaka ugumu.

Zione hakuweza kutoka kitandani. Niliporudi aliniuliza kama maji yalikuwa yameingia shimoni. Nikamwambia hapana. Yalikuwa yameingia.

Desemba 16

Sitaandika kwa upole leo.

Nilirudi chumbani nikamkuta Malita kwenye benchi amembeba wa kike, amesinzia, mdomo wazi, na kwenye kidole cha mguu bado kuna tope la makaburini. Nikaona kila kitu mara moja. Nani aliyetoka kwenye mafuriko, kwenye kipindupindu cha kila mwaka? Nani analala chini bila mkeka? Nani alikuwa anamshikashika wangu kila nilipokwenda msalani, eti anamsalimia?

"Amka. Nipe mtoto."

"Kalala, mkwe. Tusimwamshe."

"Nimesema nipe. Umeniulia mmoja, hunipati kwa wa pili."

Benchi zima likageuka. Malita akanitazama kama mtu aliyepigwa na asiyejua kofi limetoka upande gani.

"Mimi?"

"Uchafu wenu wa bondeni. Miguu hiyo. Mizizi hiyo ya topeni. Tena huyu si mjukuu wako kwa ukoo, ni wetu. Mwanao kwetu ni jogoo wa kuazima, na mwenye jogoo haji kudai vifaranga."

Sista akaingia kati. "Akina bibi, sauti!" Malita akafungua kitenge taratibu, akanikabidhi mtoto bila kumwamsha. Akasema, "Hupenda kulala upande wa kushoto, pale anaposikia moyo." Akatoka nje kwenye mvua.

Nimemweka upande wa kushoto. 1,190. Kwangu atakua.

Desemba 18

1,205. Na kwangu anakunywa vizuri.

Desemba 19

1,230. Malita bado yupo. Anamwosha Zione jeraha, anamgeuza, anamwaga ndoo. Hatuzungumzi. Zione anazungumza naye sana.

Desemba 21

Watu wa maabara wametoka Blantyre na masanduku ya barafu. Wamepangusa kila kitu kwa vijiti vya pamba: masinki, magodoro, vitasa vya milango, mikono ya Sista, mikono ya Dokta, mabomba, beseni. Halafu wakasema wanataka na sisi, wote tunaowagusa watoto, na si mikononi. Wakaeleza wanapotaka kijiti kiingie.

Vurugu ikazuka. Mwanamke mmoja akasema, "Mume wangu mwenyewe hajapaona pale, nikuonyeshe wewe wa Blantyre?"

"Mama, ni pamba tu."

"Pamba ya nini huko? Kuna jeraha?"

Tulicheka, wote, hata Dorofe aliyekuja kuchukua vyombo vyake. Halafu tukaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia tukitazama ukuta. Binti wa maabara akaniuliza maswali. Mwaka huu nimetumia dawa gani? Nikamweleza: tumbo likinisokota nanunua sokoni vile vidonge vya rangi mbili, nameza viwili vitatu, likinyamaza naacha. Bizeki akikohoa nampa. Vifaranga wakisinzia nawakorogea kwenye maji. Sijawahi kupoteza kutwa nzima kwenye foleni ya zahanati, mimi nina kazi. Akaandika, akaandika, akageuza ukurasa.

Malita alisema hajawahi kumeza kidonge zaidi ya cha malaria. Kwao muuza dawa hafiki, barabara hakuna.

Desemba 25

Krismasi. Wali na kuku wa Malita. Alimchinja bila kuniambia, akanipa firigisi, kama anavyopewa mkubwa. Nikala.

1,330.

Desemba 27

Mvua. Hakuna umeme.

Desemba 29

Dokta Somanje alitukusanya bandani, kwa sababu ofisini hatuenei. Alisimama karibu na beseni. Sijui kama alichagua pale.

Akasema aliyewaua watoto ni bakteria anayeitwa Klebsiela. Makazi yake ni utumbo. "Mtu mzima anaweza kukaa naye miaka asijue, hamwashi wala hamuumi. Anatoka chooni na mikono, anaingia majini, anasubiri. Akipata damu ya mtoto njiti ndipo anapogeuka nyoka. Zamani tulimuua kwa sindano hizi za kawaida. Huyu wa hapa amezizoea. Anazinywa kama chai."

"Amezoea vipi?" nikauliza.

"Kila anapopigwa kidogo asife, anajifunza. Dozi nusu nusu, vidonge vya sokoni, dawa za kuku. Wanaobaki hai ndio wanaozaana."

Nikahisi masikio yangu yamepata moto.

Akasema wamemkuta kwenye sinki la chumbani. Wamemkuta kwenye magodoro mawili. Wamemkuta kwenye maji ya beseni, na kwenye kitambaa cha kuoshea, kwa wingi. Maji ya vuguvugu yenye maziwa ndani, akasema, ni kitanda chake. Na wamemkuta matumboni mwa watu watano kati yetu, hatawataja hadharani, atamwita kila mmoja pembeni.

Mimi aliniita wa pili, ofisini kwake.

"Na mkwe wangu?" nikamuuliza. "Mai Malita?"

"Siwezi kukuambia ya mtu mwingine, Mama."

Malita alikuwa amesimama pale nje ya mlango, akasema, "Mwambie, Dokta. Mimi sina."

Nikamtaka Dokta anipe hesabu. Nani alianza? Ni tumbo la nani, sinki au beseni? Akasema haiwezekani kujua, labda alikuwepo chumbani hata kabla sijafika, sinki lile ni la siku nyingi. Labda. Alisema labda mara nyingi, kwa upole, kama anayempa mtu mto alalie. Lakini hesabu naijua mimi. Kabla ya Desemba mosi alikuwa hajafa mtoto hata mmoja kwa njia ile. Baada yake wamefukiwa wanne, na wengine watatu wameugua. Kila mtoto kikombe chake kilipita mle. Sista Nyirongo alisema hapana, nikamuuliza kuhusu kuni. Kisha nikamwalika anawe.

Beseni wamelichukua ndani ya mfuko mwekundu wa taka za hospitali.

Desemba 30

Nimekatazwa kumbeba. Nimekatazwa kuingia chumbani. Naweza kumwona kupitia kioo tu.

Ilibidi niende kwa Malita. Alikuwa anafua nguo za Zione kisimani. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mkwe, mtoto anahitaji kifua."

Akakamua nguo, akaitundika. Akakausha mikono. Nilingoja anitukane. Ningetoa injini moja anitukane.

"Amelishwa saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi."

"Haya."

Akaenda kunawa, kwa ndoo yake, maji yaliyochemka, sabuni yake, mpaka kwenye viwiko, kama walivyotufundisha jana. Aliponawa alinawa polepole sana, na mimi nikiwa nimesimama pale. Mlangoni akageuka. "Maneno yale ya jogoo," akasema, "Weluzani ameyasikia. Mtu alimpelekea. Utayatengeneza na yeye, si na mimi."

Januari 1

1,410. Nimemwona kupitia kioo akipiga mwayo.

Januari 3

Amekataa maziwa.

Malita alitoka mbio pasipo viatu, hata kabla ya kusema nilijua. Dokta Somanje anasema ipo dawa moja ambayo bakteria huyu bado hajaizoea. Hospitali haina, wilaya haina, iko kwenye duka la dawa la watu binafsi Blantyre. Nikamwambia andika jina. Nikampigia Bizeki: funga mashine, nenda na pikipiki, usiulize bei, usirudi bila.

"Mama, daraja limefunikwa na maji," Bizeki akasema.

"Zunguka."

"Kuzunguka ni mpaka kesho, Mama."

"Basi iwe kesho, lakini zunguka!"

Maisha yangu yote nimeamini kwamba kilichopo dukani kinapatikana. Nimesimama kwenye kioo mchana kutwa. Mikono nimeiweka nyuma, kama mtu aliyekamatwa.

Januari 4

Bizeki amefika adhuhuri, tope mpaka kwenye nyusi, dawa ameifunga kifuani kwa mpira wa tairi. Wamemchoma mtoto hapo hapo. Weluzani alikuwa hapo kwenye kioo kile kile, mwisho wa pili. Nikamwendea.

"Mkwe, yale niliyosema kuhusu wewe..."

"Mama," akasema bila kugeuka, "hebu tumtazame mtoto kwanza."

Tukamtazama.

Januari 5

Homa imeshuka! Dokta kasema tusifurahi mapema. Nimefurahi mapema. Zione ameshuka kitandani, kaenda kwa miguu yake mpaka kwenye kioo, ameshika jeraha kwa mkono. Akasema, "Mama, akipona tumwite jina la Mai Malita." Nikasema hilo ni jina zuri.

Januari 6

Homa imeshuka mno. Sista anasema kushuka kule si dalili njema. Damu yake ilishachoka kabla dawa haijafika. Malita hajamfungua kifuani tangu jana, anakula akiwa amesimama, Zione anamlisha kwa mkono.

Siruhusiwi hata kumpelekea nsima, ugali wetu, kwa sababu ya mikono yangu. Nasaga nini mimi? Nimelisha wilaya nzima unga kwa mikono hii.

Januari 7

Ameondoka mchana, mvua ikiwa imekatika. Alikuwa kifuani mwa Malita upande wa kushoto, na Zione amemshika mguu. Mimi nilikuwa kwenye kioo. Niliona midomo ya Sista ikisema, sikusikia.

Januari 8

Tumemzika kando ya kaka yake. Zione alikuja, amekaa juu ya kitenge kando ya njia, maziwa yamelowesha blauzi yake na hakuna aliyemwambia ajifunike.

Kwetu anayembeba mtoto wa namna hii mpaka shimoni ni bibi wa upande wa mama. Kila mtu anajua. Wanawake walikuwa wamejipanga, wananitazama, na mimi nilisimama nyuma kabisa, mikono nimeificha ndani ya kitenge. Nilikuwa nimeshajiambia nitachimba tu. Jembe halina madhara.

Malita akaja mpaka nilipo, na furushi.

"Chukua."

"Nimekatazwa, mkwe."

"Ulikatazwa alipokuwa wa kuugua." Sauti yake haikuwa na ukali wala huruma, ilikuwa imechoka tu. "Sasa mbebe. Huwezi kumfanya kitu tena."

Nikatoa mikono.

Ni mwendo mfupi kutoka barabarani, mteremko wenye utelezi, Malita ananishika kiwiko nisianguke. Hakuna aliyesema neno, ndivyo inavyotakiwa. Karibu na shimo nilimwona Malita ananitazama mikono, kisha akaangalia pembeni haraka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba njia nzima nilikuwa namtikisatikisa taratibu, ili asiamke akalia.